Mashine ya CHEF ya kutenganisha DNA kubwa: nimeitumia, haya ndo maoni yangu

Jamani kama kazi yako ni kromosomu za hamira au DNA ndefu za bakteria, jeli ya kawaida, ile ya kusukuma DNA kwa umeme upande mmoja tu, itakuchosha bure. Ukishavuka kama kb 50 hivi (yaani jozi 50,000 za besi, zile herufi za DNA) vipande vyote vinajinyoosha na kupenya kwenye agarosi, ile jeli yenyewe ya mwani, kama nyoka kwenye tundu, mwendo wao unalingana, mwisho unapata bendi moja nene huko juu basi. Hii mashine inatatua hilo kabisa na mi naipenda sana. Ina elektrodi 24 zimezunguka jeli kwa umbo la pembe sita, umeme unasukuma upande huu halafu unageuka nyuzi 120, kila ukigeuka DNA nayo lazima ijipange upya, ile ndefu inachelewa zaidi, hapo ndo zinapoachana. Wazo la umeme wa kubadilisha mwelekeo ni la Schwartz na Cantor, 1984, ila jeli za mwanzo mistari ilikuwa inapinda, CHEF ya 1986 ndo ikainyoosha.

Kwa hamira naweka agarosi asilimia 1, bafa ya TBE 0.5x (yale maji ya chumvi jeli inapolala), nyuzi joto 14, volti 6 kwa sentimita, nageuza kila sekunde 60 kwa masaa 15 kisha kila sekunde 90 kwa masaa 9. Bendi zinatoka safi mno! Ila kromosomu zote 16 za hamira usitegemee kuziona moja moja, kuna kromosomu zinakaribiana ukubwa zinakaa pamoja.

Sasa kinachochosha ni maandalizi, na hapa mashine haikusaidii chochote. DNA ndefu ukiivuta tu kwa pipeti inakatika, kwa hiyo seli unazifunga kwanza ndani ya vipande vidogo vya agarosi, unazipasulia humohumo, kimeng'enya cha proteinezi K kinakula protini zote, halafu unaosha, unaosha tena. Ukiharakisha kuosha, kimeng'enya cha kukata DNA vipande kabla ya jeli hakifanyi kazi vizuri na jeli nzima inakuwa na ukungu. Kuna bakteria wengine DNA yao inasagika ndani ya jeli hata ukiandaa vizuri, sababu ni Tris, kemikali iliyomo kwenye bafa, ukiongeza kemikali nyingine iitwayo thiourea kidogo bendi zinarudi.

Halafu angalia pampu na kipozeo kabla hujaanza, kila mara. Bafa isipozunguka inapata joto na mistari inaenda ovyo, na hilo utaligundua umeshapoteza siku nzima.

Wenye S. pombe, aina nyingine ya hamira, mjiandae kusubiri zaidi, kromosomu zake ni 3 tu lakini ndogo kabisa ina Mb 3.5 (Mb moja ni kb 1,000) na kubwa 5.7, hapo unashuka mpaka volti 2 kwa sentimita na kugeuza kila nusu saa, jeli inakaa siku kadhaa. Usipandishe volti ili iishe haraka, DNA ya ukubwa huo inanasa kwenye agarosi na haitoki.