Mgahawa wa Wachina, Mwanga Kigoma: agiza samaki, uliza mafuta

Samaki wa mvuke ndiye sababu ya kwenda hapa. Mengine yanafuata nyuma. Mpishi anachukua kuhe, samaki wa Ziwa Tanganyika, mzima wa gramu 600 hivi, anamchanja mara tatu kila ubavu, na anamweka kwenye mvuke maji yakiwa yameshatokota kwa nguvu. Dakika nane au tisa zinatosha. Maji yanayojikusanya kwenye sahani humwagwa yote, maana ndiyo yanayobeba shombo. Kisha hutandazwa tangawizi na vitunguu majani vilivyokatwa nyembamba, humiminiwa mafuta yaliyopashwa hadi yakaanza kufuka, na soya sosi huzungushwa pembeni, si juu, ili nyama ibaki nyeupe. Inaachia mfupa kwa kijiko tu.

Kinachoharibu sahani hii ni samaki wa barafu: nyama hulegea, hutoa maji mengi na kumeguka. Peleka oda asubuhi, mitumbwi ya Kibirizi ikiwa imeshafika. Ziwa likifungwa kwa mapumziko ya uvuvi, kama ilivyokuwa Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, agiza kitu kingine. Samaki huuzwa kwa uzito wa ubichi, kwa hiyo simama mizanini na uulize bei ya kilo kabla hajaparwa magamba.

Orodha ya vyakula imegeuka sana. Jiko hili lilianza kwa kulisha mafundi wa reli, baada ya mkataba wa reli ya kisasa (SGR) ya Tabora–Kigoma, kilomita 506, kusainiwa na kampuni za Kichina CCECC na CRCC Desemba 2022. Wakati huo mapishi yalikuwa ya Sichuan hasa, jimbo la China, na pilipili yake ile inayotia ganzi ulimi. Sasa meza nyingi ni za wenyeji, pilipili imepunguzwa na wali wa kukaanga umetawala. Mitaa ya Wachina hugeuka hivi kwingine pia, ingawa sababu hutofautiana. Chinatown ya Manhattan, New York, ilikuwa ya Wakantoni, Wachina wa jimbo la Guangdong, kwa vizazi, mpaka wahamiaji wa jimbo la Fujian walipojaa East Broadway miaka ya 1980 na 1990 wakaja na migahawa yao. Kule sufuria ilibadilishwa na mgeni mpya, Kigoma imebadilishwa na mteja.

Aliyeumia zaidi ni bilinganya ya doubanjiang, ile rojo ya maharage na pilipili iliyochachushwa. Siku hizi huja tamu tamu. Mwambie mhudumu unataka kama ya mafundi, nao wanaipika vizuri bila kinyongo. Wali wa kukaanga ule mapema: unahitaji wali uliopikwa jana ukapoa, na wateja wakizidi mchana hutumika wa moto, ambao hushikamana na kunyonya mafuta.

Kwa Waislamu, na mji huu una wengi, swali la nyama peke yake halitoshi. Kitimoto hupikwa jiko hilohilo, mafuta yake huweza kuingia kwenye mboga, na mvinyo wa mchele hutumika kuondoa shombo ya samaki. Uliza vitu vitatu: karai, mafuta, mvinyo. Wanajibu kwa uwazi, lakini karai la pembeni halipo, na hilo ni pungufu kubwa kwa mgahawa unaotaka wateja wa Ujiji.

Duka la mbele lina mambo mawili ya maana. Soya sosi zipo aina mbili, na wengi hubeba isiyofaa: yenye maandishi 生抽 ni nyepesi, ya kutia chumvi na ladha, 老抽 ni nzito, ya kutia rangi, kijiko kimoja cha chai kinatosha sufuria ya familia. La pili ni tofu, yaani jibini ya maharage ya soya. Inunue kabla ya saa sita, kwani kwa joto la Kigoma jioni huwa imeanza uchachu na utelezi. Nyumbani iloweke kwenye maji safi ndani ya friji, ubadilishe maji kila siku, na uimalize ndani ya siku tatu.