Mbegu za marejea: nyota moja, nayo ni ya mmea

Nianze na muuzaji, maana donge halijanitoka. Masika ndiyo yanaanza, nikaingia duka la pembejeo hapa Morogoro kuuliza mbegu za marejea, ule mmea wa jamii ya kunde unaorutubisha udongo. "Ekari ngapi?" Nikamjibu ni ukingo wa ua tu nyumbani, nataka maua ya kuita nyuki. Akawageukia wateja wenzangu: "Mama huyu anataka nyuki! Si aende Tabora?" Wakacheka. Akanichotea robo kilo kutoka kwenye kiroba, hata usoni hakunitazama.

Nyumbani nikazimwaga kwenye ungo. Vumbi, na punje kibao zimetobolewa na wadudu. Nikarudi siku ileile. "Mbegu ikishatoka dukani hairudi." Basi. Ukingo mzima uliota mashina kumi na moja. Msinunue pale.

Lakini hayo kumi na moja, jamani! Yalinipita kichwa, yakajaa maua ya manjano mpauko yenye mistari myekundu. Na wakaja niliokuwa nawangoja: wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa boriti. Ua la marejea limefumba chavua yake ndani. Nyuki mzito akitua, petali za chini zinashuka na anasukumiwa chavua tumboni. Nilikuwa nasimama pale na kikombe cha chai hadi inapoa.

Niliwataka kwa ajili ya pasheni zangu za njano. Ua la pasheni hiyo hufunguka mchana na usiku limeshafunga, na haikubali chavua yake yenyewe. Ninayo miche miwili, ila nyuki wadogo walikuwa wanachukua chavua bila kugusa panapotakiwa. Miaka yote nikawa naokota maua chini. Msimu huu chanja imeinama kwa matunda.

Kwa hiyo labda nilimhukumu vibaya? Bila kiroba chake nisingepata hata shina moja. Nyota tatu, basi.

Hapana, nazirudisha. Marejea ni mmea wetu wa Afrika, wa msimu mmoja, hauombi mbolea maana bakteria wa mizizini mwake wanaupatia naitrojeni ya hewani. Uzuri wote ni wake. Yeye aliniuzia vumbi na kunifanya kichekesho mbele za watu.

Maganda sasa yamekauka, ukiyatikisa yanalia kama kayamba. Nimeshajaza chupa mbili. Jirani yeyote anayetaka aje na kikaratasi, nitamchotea bure.