Rimoti ya kicheza muziki: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kila Jumamosi asubuhi nafundisha mazoezi ya viungo kwa kina mama katika ukumbi mmoja hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Spika inakaa pembeni karibu na soketi, mimi niko mbele, mikono juu, jasho linatiririka. Wimbo ukikatika au ukichelewa kuanza, mwendo wa watu wote unavurugika, na kuwarudisha kwenye hesabu ya moja mpaka nane si kazi ndogo. Zamani nilikuwa nakimbilia spika kila baada ya dakika chache. Siku hizi nabonyeza kidude mkononi. Kabla ya kufika hapo nilinunua rimoti kadhaa, na si zote zilizofaa.

Kosa langu la kwanza ndilo ninaloliona kwa wengi. Nilinunua rimoti katika duka moja Kampala, muuzaji akanihakikishia: "Mama, hii inashika kila kitu." Nikasafiri nayo karibu kilomita 500 hadi nyumbani, nikagundua kwamba MP3 yangu, yaani kicheza muziki changu, haina jicho la kuipokea. Rimoti yoyote ile inahitaji kipokezi upande wa pili: jicho la mwanga au antena ya redio. Kifaa kisicho na kipokezi hakitakusikia, hata rimoti iwe ya bei gani. Kwa hiyo, nenda dukani na kicheza muziki chako mkononi, au usinunue siku hiyo.

Bei sitaziandika kwa sababu hutofautiana sana kati ya Kampala na huku kwetu, hata kati ya meza mbili za mtaa mmoja. Napanga kwa kufaa.

Ya kwanza: rimoti ndogo ya Bluetooth yenye vifungo vitano

Ni kidude cha duara, kikubwa kidogo kuliko kifuniko cha soda, chenye vifungo vya kucheza na kusimamisha, wimbo unaofuata, wimbo uliopita, kuongeza sauti na kupunguza. Huja na mkanda wa kufunga mkononi au kwenye usukani. Simu hukiona kama kibodi ndogo, ndiyo maana hakihitaji programu yoyote. Unakiunganisha mara moja tu, siku nyingine kinaitafuta simu chenyewe.

Nakiweka juu kwa sababu hakihitaji kuonana na simu uso kwa uso. Simu inaweza kuwa ndani ya mkoba, juu ya dirisha au nyuma ya pazia, nacho kikafanya kazi katika umbali wa mita 10 hivi. Angalizo moja: miili yetu ina maji mengi, na maji hunyonya mawimbi ya gigahezi 2.4 ambayo Bluetooth hutumia. Watu wakijaa kati yako na simu, amri huanza kupotea. Iweke simu juu, kimo cha bega au zaidi, tatizo hupungua sana.

Wengi huniuliza kama simu moja inaweza kushika spika ya Bluetooth na rimoti ya Bluetooth kwa pamoja. Inaweza, kwa sababu moja inapokea sauti na nyingine inatuma amri, hazigombani. Kumbuka pia kwamba vidude hivi hulala visipobonyezwa kwa muda ili kutunza betri. Bonyezo la kwanza hukiamsha, na mara nyingi la pili ndilo linalotekelezwa. Mimi hukiamsha kabla wimbo haujafika mwisho.

Mtego wa kwanza uko hapa: kuna kidude kinachofanana nacho kabisa, chenye kifungo kimoja au viwili, kilichotengenezwa kwa kupiga picha za selfi. Hicho kinachotuma ni amri ya kuongeza sauti tu, kwa kuwa kamera za simu hupiga picha kwa kitufe hicho. Ukiuziwa kama rimoti ya muziki, utabonyeza na sauti itapanda, itapanda, na wimbo hautabadilika.

Mtego wa pili ni MP3 ndogo zilizoandikwa Bluetooth kwenye boksi. Nyingi zinatuma sauti kwenye spika au visikizi, basi, hazikubali kuunganishwa na kibodi wala rimoti ya aina hii. Ukiwa na MP3 kama hiyo usitoe hela bado, kwa sababu vifungo vilivyo kwenye spika ya Bluetooth au visikizi vyenyewe mara nyingi vinaweza kuiamuru ibadilishe wimbo.

Ushauri wangu wa dhati kwa mtu wa kwaya, mwalimu wa ngoma au MC wa kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kutambulisha wachumba kwa wazazi): chukua simu ya zamani ya Android, itoe laini, ijaze nyimbo, uifanye ndiyo kicheza muziki chako. Simu yako ya kila siku itaita katikati ya maharusi kuingia, muziki utakatika na ukumbi mzima utageuka kukutazama. Kama huna simu ya pili, weka hali ya ndege kwanza, kisha washa Bluetooth peke yake. Hali ya ndege huzima mtandao, lakini Bluetooth inakubali kuwashwa tena.

Ya pili: spika ya flashi na memori kadi yenye rimoti yake

Hizi ndizo zilizojaa sokoni, kuanzia Arua mpaka soko la Owino, Kampala: spika au sabufa yenye tundu la flashi, na rimoti nyembamba kama kadi ya benki. Kwa chumba kimoja, sebuleni au dukani, sioni haja ya kutafuta zaidi. Rimoti imeshakuja na kifaa, na wameshaelewana.

Rimoti hii hutumia mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, unaomweka takriban mara 38,000 kwa sekunde. Haupiti ukuta, wala nguo, wala mgongo wa mtu, ila unaweza kudunda kwenye ukuta mweupe ukafika. Adui yake mkubwa ni jua. Jua lina infraredi nyingi ajabu, na linapoangaza kwenye jicho la spika, amri yako humezwa. Nimefanya mazoezi uwanjani saa nne asubuhi na rimoti ikawa kama kipande cha plastiki. Nilipoigeuza spika ikalipa jua kisogo na kuiwekea boksi juu kama kibanda, ilirudi kazini. Kama shughuli zako ni za nje, chini ya hema lililo wazi pande zote, usiitegemee aina hii.

Kuijaribu dukani ni rahisi. Washa kamera ya simu, elekeza ncha ya rimoti kwenye kamera, bonyeza. Ikiwa nzima, utaona taa ndogo ya zambarau au nyeupe ikimweka kwenye kioo. Kamera za nyuma za simu nyingine huchuja mwanga huo, kwa hiyo jaribu ya mbele kabla hujaikataa rimoti. Jaribio hili linathibitisha tu kwamba rimoti inatoa mwanga. Ili kujua kama spika inaielewa, ni lazima uone wimbo ukibadilika.

Jambo jingine: bodi za bei nafuu zilizo ndani ya spika hizi mara nyingi hutumia alama zilezile za amri. Jirani wa meza ya pili anaweza kupunguza sauti yako bila kukusudia. Faida yake ni kwamba rimoti yako ikipotea, fundi ana nafasi nzuri ya kukupatia nyingine inayokubali, mradi uende na spika yenyewe.

Ya tatu: rimoti ya mawimbi ya redio yenye kipokezi cha USB

Kuna rimoti zinazouzwa kwa ajili ya boksi za televisheni au kompyuta, zikiwa na kipokezi kidogo cha kuchomeka. Ukikiunganisha na simu ya Android kwa kebo ya OTG (kebo fupi ya kuchomeka vifaa vya USB kwenye simu), vifungo vya sauti na vya kubadilisha wimbo kwa kawaida hufanya kazi bila kuoanisha chochote. Inapenya pazia na mkoba kama Bluetooth. Niliishusha daraja kwa sababu kipokezi hukalia tundu la chaji, na siku umeme unapokatika saa nzima kabla ya shughuli, tundu hilo unalihitaji kwa pawabenki. Tena kipokezi kikipotea, rimoti haina kazi.

Kwa gari

Vile vidude vya FM vinavyochomekwa penye kiwashia sigara na kurusha muziki kwenye redio ya gari huja na rimoti ya kadi, na ndani ya gari infraredi inatosha kabisa. Taabu iko kwenye FM yenyewe. Kampala masafa yamebanana: redio ya Sanyu iko 88.2, ya CBS iko 88.8 na tena 89.2, na bado hujafika katikati ya masafa ya FM. Dereva wa taksi atahangaika kutafuta pengo. Redio ya gari ikiwa na tundu la AUX, tumia waya na rimoti ya Bluetooth kwenye usukani.

Za kuacha

Rimoti za mitumba za iPod, kicheza muziki cha kampuni ya Apple. Zilikuwa nzuri enzi zake, lakini kipokezi chake kilichomekwa kwenye tundu pana la pini 30, na Apple walianza kulibadilisha mwaka 2012, kisha wakasitisha iPod kabisa mwaka 2022. Mara nyingi utakuta rimoti peke yake, kipokezi kimebaki Ulaya. Na rimoti za "kila kitu" za televisheni usizinunue kwa ajili ya muziki. Orodha zake za alama mara nyingi hazina spika hizi zetu.

Betri

Angalia namba kabla ya kununua ya akiba. Betri bapa za duara za CR2032 na CR2025 zote ni volti 3 na zina upana wa milimita 20, lakini ya kwanza ina unene wa milimita 3.2 na ya pili 2.5. Ukiweka nyembamba mahali pa nene, inacheza ndani na rimoti inafanya kazi inapotaka.

Chagua yenye kifuniko cha skrubu kama nyumbani kuna watoto. Betri hizi zikimezwa na kukwama kooni huunguza nyama ya ndani, na madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa 2, hata mtoto akionekana mzima. Ukishuku tu kwamba amemeza, mkimbize hospitali wakati huohuo, usimtapishe wala usisubiri aitoe chooni. Zangu zilizokwisha nazifunga kwa selotepu pande zote mbili kabla ya kuzitupa, na za akiba ziko juu ya kabati, ndani ya kopo lenye mfuniko mgumu.