Kisanduku cha ndege wa buluu: kabla ya kulipa, uliza kinafungukia wapi

Mei mwaka jana nilitoa mzoga wa ndege mama kwenye kisanduku cha kutagia ndege wa buluu (bluebird wa Amerika Kaskazini) nilichokinunua mwenyewe kwa dola 34. Kilikuwa kinavutia: paa jekundu, kijiti mbele ya tundu, ua limechorwa ubavuni. Nilikiweka uani kwetu, nje kidogo ya Minneapolis, kikitazama uwanja wazi, na Aprili ndege wa buluu wakaja wawili, dume mwenye mgongo wa buluu iliyokolea na kifua cha rangi ya matofali, jike amepauka kidogo. Jike akawa anaingia na nyasi kavu mdomoni kutwa nzima. Kisha asubuhi moja nikamwona shomoro dume, koo jeusi, ametua juu ya kile kijiti analia bila kunyamaza. Wale wenye nyumba sikuwaona tena.

Nilitaka kutazama ndani, lakini hapakuwa na pa kufungulia. Paa limepigiliwa misumari, sakafu imegundishwa. Mume wangu alihangaika nacho kwa bisibisi na patasi karibu nusu saa. Paa lilipong'oka tukakuta rundo la nyasi ovyo, manyoya na karatasi ya peremende. Chini ya rundo hilo jike amelala, utosi umedonolewa mpaka nyama inaonekana, na chini yake mayai matano ya buluu hafifu, yamepoa.

Tangu niisimulie habari hiyo, wenzangu kadhaa wameniandikia. Dada mmoja aliyeko Texas vifaranga wake walilowa mvua wakafa wote, naye hakujua mpaka aliposikia harufu. Mama mwingine wa Ohio ana kisanduku kilichojaa viota vya miaka mitatu, kimoja juu ya kingine, kwa sababu hakifunguki. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa kigezo kimoja ambacho wauzaji hawakiandiki: mlango.

Mambo ya rangi na umbo sitayagusa. Tundu nalo kwa ufupi: kwa ndege wa buluu wa mashariki, ambao ndio tulio nao huku, liwe la mviringo la inchi 1.5, ili kwezi wa Ulaya asipite. Kwa wale wa magharibi na wa milimani ni inchi 1 na 9/16. Kijiti mbele ya tundu hakitakiwi kabisa. Ndege wa buluu hakihitaji. Kinampa shomoro mahali pa kusimama na kupigania nyumba isiyo yake.

Ni vizuri kujua kwa nini tunahangaika hivi. Ndege wa buluu hawezi kutoboa mti. Anategemea mashimo yaliyoachwa na gogota au matawi yaliyooza. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 watu walimleta shomoro Brooklyn kutoka Uingereza, na mwaka 1890 kwezi wa Ulaya wakaachiwa katika bustani ya Central Park, New York. Wote wawili wanataka mashimo yaleyale. Sisi wa pwani tunaielewa habari hii bila kufafanuliwa: kunguru waliletwa Zanzibar miaka hiyohiyo ya 1890, na mpaka leo wanakula mayai ya ndege wengine. Huku Marekani ndege wa buluu walipungua sana, na visanduku vya watu wa kawaida ndivyo vilivyowarudisha. Lawrence Zeleny, aliyeanzisha jumuiya ya ndege wa buluu ya Amerika Kaskazini mwaka 1978, alihimiza watu waviweke mpaka kando ya barabara za mashambani. Lakini kisanduku usichoweza kukifungua hakimsaidii yeyote isipokuwa shomoro.

Ukiwa na mlango, mara moja kwa wiki unachungulia. Kikombe nadhifu cha nyasi laini au majani ya msonobari ni cha ndege wa buluu. Manyoya meupe yamepangwa juu ya nyasi, huyo ni mbayuwayu, mwache. Takataka zimejaa mpaka karibu na tundu na mayai yana madoa ya kahawia, huyo ni shomoro, toa vyote. Sheria ya Marekani ya mwaka 1918 inawalinda ndege wa asili, mayai na viota vyao. Shomoro wa kuletwa haimlindi. Hakikisha tu umemtambua vizuri kabla ya kugusa. Na vifaranga wakifikisha siku 12 au 13 acha kufungua, maana watatoka kwa hofu kabla hawajaweza kuruka.

Haya, sasa madaraja.

Namba moja, na sioni haya kusema naipendelea: cha kampuni ya Nature's Way, kile cha mbao za mwerezi chenye dirisha la kuchungulia. Ninavyo viwili sasa. Unafungua ubavu, unaona kila kitu kupitia kioo cha plastiki bila kiota kukumwagikia, unafunga, umemaliza. Sakafu yake ya wavu imeinuliwa kidogo, hivyo kiota hakikai kwenye maji, na ubao wa ndani chini ya tundu una michirizi ambayo vifaranga wanakwea wakitaka kutoka. Michirizi hiyo ipapase kwa kidole kwenye kisanduku chochote utakachonunua. Ubao uliopigwa randa ukawa laini kama meza ni mtego kwao. Mwezi Juni nilikaa jikoni dirishani nikamwona kifaranga wa kwanza ametoa kichwa, akarudi ndani, akatoa tena, baba yake yuko juu ya waya na kiwavi mdomoni hampi. Akaruka.

Namba mbili ni Gilbertson, kisanduku alichokibuni Mminnesota mwenzetu Steve Gilbertson. Ni kipande cha bomba la PVC chenye paa la mbao, kinawekwa kwenye nguzo nyembamba ya chuma. Bomba linachomoka kutoka kwenye paa, unalishika mkononi kama kikombe na kutazama ndani. Wengi wanasema shomoro hakipendi sana, nami kwangu sijamkuta ndani yake hata mara moja. Walioko majimbo ya joto wakiweke penye kivuli cha mchana.

Namba tatu ni Peterson, nacho ni cha hapahapa Minnesota: paa limeinama sana, tundu la umbo la yai, mbele kunafunguka kuelekea chini. Mlango mzuri kuliko yote kwa kusafisha. Nakishusha kwa sababu ni kizito, na cha fundi mzuri ni ghali.

Vya rahisi vya maduka makubwa, vya dola kumi na kitu: kama una drili, ng'oa kijiti, uzibe tundu lake, na ubadilishe misumari ya ubavu mmoja iwe skrubu. Kama huna, viache.

Kinachoniumiza ni hiki. Nilimwandikia muuzaji wa kile chekundu, nikamtumia na picha. Akanijibu kwamba ni "cha mapambo". Lakini kwenye tangazo lake ameandika kuwa ni nyumba ya ndege wa buluu, na ameweka picha ya ndege wa buluu mlangoni! Pesa hakurudisha. Na wanaouza visanduku vya kweli nao wana lao: kisanduku bei yake, nguzo bei yake, na bomba la kinga, lile la kuzuia wanyama wasipande nguzo, bei yake tena, wakati wanajua kisanduku bila kinga ni sahani ya chakula cha rakuni na nyoka. Mimi bomba la kinga nimejitengenezea kwa bomba la dohani la bati, upana inchi 8, urefu inchi 24, likaning'inia kwenye nguzo chini ya kisanduku. Usitundike kisanduku mtini wala kwenye uzio, haidhuru muuzaji amekutobolea tundu la msumari nyuma yake.

Kisanduku kikiletwa, usitupe boksi la usafirishaji. Kishike kwa mkono mmoja, kifungue kwa mwingine, ingiza mkono mpaka sakafuni, utoke, ufunge. Ukishindwa ukiwa jikoni kwako kavu, juu ya nguzo mvuani hutaweza. Kirudishe siku hiyohiyo.