Chuo cha muziki kilichonipokea mlangoni na kunikataa kwenye kinanda

Nilijiunga na chuo hiki muhula uliopita ili nijifunze piano. Kwa kuwa natumia kiti cha magurudumu, nilipiga simu kabla ya kulipa ada kuuliza kama wanafunzi wenye ulemavu wa viungo wanapokelewa, nikajibiwa kwa upole kwamba wanapokelewa bila shaka yoyote. Kusema haki, milango ni mipana na choo kinafikika. Yaliyonichefua yalitokea darasani.

Mikono yangu ni mizima, lakini miguu haina nguvu, kwa hiyo siwezi kukanyaga pedali ya kulia, ile inayoziachia nyuzi ziendelee kulia hata baada ya kidole kuondoka. Mwalimu alipolitambua hilo, hakuniuliza neno. Alifunika kinanda, akamgeukia dada yangu aliyenisindikiza, akamwambia: "Huyu mngempeleka kwenye kuimba. Piano bila pedali si piano." Nilikuwa hapohapo, mtu mzima na akili zangu, na ada nililipa mwenyewe.

Nilimweleza kwamba chumba cha pili kuna kinanda cha umeme, na kwamba kwenye kinanda cha aina hiyo pedali ya kawaida ni swichi tu iliyochomekwa nyuma kwa waya, isiyojali kama imebonyezwa kwa unyayo, kiwiko au kisogo. Mkobani nilikuwa na swichi yangu, kitufe kipana ninachokifunga kwenye egemeo la kiti na kukibonyeza kwa bega. Hakutaka hata kuichomeka. Alisema utaratibu wa mitihani hauruhusu, ingawa mimi sikuwa nimeomba mtihani wowote.

Nilimtajia Felix Klieser, Mjerumani aliyezaliwa bila mikono, ambaye hupiga horni, ala ya kupuliza, kwa kubonyeza vali zake kwa vidole vya mguu wa kushoto. Nilimtajia pia Paul Wittgenstein, aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na bado akaendelea na piano, hata mtunzi Mfaransa Ravel akamtungia koncheto, yaani utungo wa piano na okestra, ya mkono wa kushoto iliyopigwa hadharani mwaka 1932. Akanijibu kwamba hao ni watu wa vipaji vya pekee. Jibu hilo linanikera mpaka leo, kwa sababu Klieser alianza akiwa mtoto mdogo, na kipaji chake kisingejulikana kama mwalimu wa kwanza angefunika ala mbele yake.

Mwalimu wa nadharia ni mtu wa namna nyingine kabisa, na ningependa kumsifu bila kumchanganya na wenzake. Siku moja baada ya kipindi aliichomeka ile swichi bila maneno mengi. Nilibonyeza kodi ya do, yaani noti kadhaa kwa pamoja, nikaegemea kitufe kwa bega, nikaondoa vidole vyote, na sauti ikaendelea huku mkono wangu ukihamia kodi ya fa bila haraka. Nilifurahi mno, kisha nikapandwa na hasira, maana kumbe kifaa kilikuwepo siku zote na kilichokosekana ni nia.

Niliuandikia uongozi, nikakumbusha kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unahesabu kumnyima mtu marekebisho yanayowezekana kuwa ni ubaguzi. Walinijibu kwa kunipangia nafasi katika kwaya.

Nilipoanza kuandika haya nilikusudia kushauri kwamba nadharia msomee hapa na piano mkaisomee kwingine. Sasa naona hata hilo ni kuwapendelea, kwa sababu yule mwalimu mwema hana uamuzi juu ya vinanda. Mwenye ulemavu asilipe hapa kabla mwalimu mwenyewe wa ala, si mtu wa mapokezi, hajakaa naye mbele ya ala hiyo na kujaribu. Ada yangu ya piano nimedai nirudishiwe, na bado sijajibiwa.