Huduma ya kuvunja polima kwa spektrometa ya masi: nimeridhika, ila ulizeni habari ya chumvi

Kwa wenzangu mnaohangaika kujua kilichopo kwenye ncha za minyororo ya polima, yaani molekuli ndefu zenye viungo vinavyojirudia: maabara hii ya huduma, iliyo ndani ya chuo kimoja hapa Ujerumani na inayopima uzito wa molekuli kwa spektrometa ya masi, inafaa.

Niliwapelekea sampuli mbili za polima iitwayo poliethilini glikoli. Kwa uzito peke yake zilikuwa mapacha kabisa. Kwenye grafu, kila kilele ni uzito wa mnyororo wa urefu fulani; vilele vilipishana kwa daltoni 44.03 (daltoni moja ni karibu uzito wa atomi ya hidrojeni), yaani kiungo kimoja cha mnyororo, na kila kilele cha sampuli ya kwanza kilikaa pale pale kilipokaa cha pili. Mnyororo wenye methili (kaboni moja, hidrojeni tatu) kwenye ncha zote mbili una atomi zile zile za mnyororo wenye ethili (kaboni mbili, hidrojeni tano) ncha moja na hidrojeni ncha nyingine. Kifaa kiwe makini namna gani, uzito hautawatenganisha.

Ndiyo maana nililipia hatua ya pili: kilele kimoja kinachaguliwa, ayoni zake, yaani minyororo iliyopewa chaji ya umeme, zinagongeshwa kwenye gesi, halafu vipande vinapimwa. Hapo niliona faida ya fedha yangu. Sampuli yenye ncha zinazofanana ilitoa mfululizo mmoja wa vipande. Ile nyingine ikatoa miwili, ikipishana kwa 28.03, kiasi ambacho ethili inaizidi hidrojeni. Mtaalamu alikaa nami mbele ya skrini tukapitia kipande baada ya kipande, bila kuniharakisha hata kidogo. Nilifurahi mno.

Kasoro ipo. Sampuli huchanganywa na chumvi ili ayoni ya metali ishikamane na mnyororo na kuupa chaji, maana kifaa huona chenye chaji tu. Fomu yao haiulizi unataka chumvi gani, na mara ya kwanza walitumia ya sodiamu. Vipande vikawa hafifu. Kadiri ayoni ya metali inavyokuwa kubwa, ndivyo mgongano unavyoelekea kuing'oa yenyewe tu, mnyororo ukabaki bila chaji na kifaa kisiuone. Niliomba litiamu, ambayo ayoni yake ni ndogo zaidi, wakarudia bila malipo, na matokeo yakawa safi. Andikeni litiamu kwenye fomu tangu mwanzo. Ombeni pia faili ghafi, kwa sababu ripoti huja na picha tu.

Msipeleke mpira uliopikwa na salfa. Hauyeyuki, na wao huanza na kuyeyusha. Huo utafutieni maabara inayovunja kwa joto kabla ya kupima. Minyororo mirefu sana nayo haivunjiki vizuri kwa njia hii. Zangu zilikuwa na uzito wa daltoni 2,000 hivi, na zilikubali bila shida.