Mwana Msimbazi ndani ya jezi yenye kijani

Mpwa wangu anayeishi London alinipigia simu kabla hajaja likizo ya Desemba 2024. "Mjomba, nikuletee nini?" Nikamjibu bila kufikiri: jezi ya Arsenal ya msimu huu, ya nyumbani. Nyekundu, mikono myeupe, basi. Alipofika Tandika, baada ya shikamoo na soda, akafungua begi akanikabidhi nyeusi. "Mjomba, nyekundu unazo nyingi. Hii ndiyo wametutengenezea sisi watu wa Afrika."

Nikaikunjua pale sebuleni. Kitambaa cheusi tii, ubavuni zigizaga zinashuka hadi chini, kifuani ule mzinga wa vita wa nembo ya Arsenal peke yake bila ile ngao yake, na huku na huku vipande vya nyekundu. Mpaka hapo sina neno. Halafu nikaona kijani.

Kwa asiyejua mambo ya Dar es Salaam inabidi nieleze. Mimi ni Simba, klabu ya Msimbazi yenye nyekundu na nyeupe; kijani ni cha watani wetu Yanga wa Jangwani. Baba alikuwa Simba tangu klabu ikiitwa Sunderland, kabla ya jina kubadilishwa mwaka 1971. Nyumbani kwangu hakuna ndoo ya kijani wala taulo la kijani, na pazia la kijani tulilopewa zawadi ya harusi lilihamia kwa jirani kabla ya fungate kwisha. Watani wetu nao hawana nafuu. Enzi Vodacom wakidhamini ligi, Yanga waligoma kuvaa nembo ile kwa sababu ya wekundu wake, mpaka wakatafutiwa ya rangi nyingine. Sasa mtu kama mimi unamletea jezi ya Arsenal yenye kijani, na Arsenal yenyewe niliipenda utotoni kwa sababu moja tu: walikuwa wamevaa nyekundu na nyeupe kama Mnyama.

Nilimshukuru kijana kama inavyotakiwa. Jezi ikakaa kabatini wiki tatu.

Niliyoyaandika hapa ni baada ya kuivaa zaidi ya mwaka mzima. Nimeivaa kibanda umiza, nimeivaa sokoni, na mara moja nimeivaa msibani kwa sababu sikuwa na nguo nyeusi nyingine iliyo safi.

Kwanza jezi yenyewe. Arsenal na adidas waliitoa katikati ya mwaka 2024 wakishirikiana na Labrum, kampuni ya mavazi ya London ya mbunifu Foday Dumbuya, mzaliwa wa Sierra Leone. Walisema wazi kwamba ni heshima kwa mashabiki wa Afrika na Waafrika walioko ughaibuni, ndiyo maana ya nyeusi, nyekundu na kijani. Msimu huohuo mzinga ulirudi kifuani peke yake, jambo ambalo lilikuwa halijaonekana kwa zaidi ya miaka thelathini. Mimi mzinga umenikosha. Ngao ile ya tangu 2002 sijawahi kuichukia, lakini mzinga hata mtoto wa darasa la kwanza anauchora kwa chaki ukutani, na kila apitaye anajua ni timu gani.

Siku ya kwanza kutoka nayo nilikwenda kibanda umiza tunachoangalizia mpira, kwa shilingi mia tano. Nilitegemea maneno, sikutegemea yangekuwa mengi kiasi kile. Wa kwanza alikuwa kijana wa bodaboda: "Mzee, umehamia Harambee Stars?" Watu wakacheka, na kusema kweli nyeusi, nyekundu, kijani na weupe wa zile zigizaga, zote zimo kwenye bendera ya Kenya. Wa pili alikuwa mtani wangu wa siku zote, Yanga wa kutupwa, Man United kwa ugonjwa wa kurithi. Hakusema kitu. Alinyanyuka tu kwenye benchi lake, akanipa mkono kwa adabu kama anampokea mgeni ukweni, akasema, "Karibu Jangwani, shemeji."

Ndani ya kibanda kile mashabiki wa Arsenal wenyewe tuligawanyika kuhusu jezi hii, na sikuona mgawanyiko wa wazee na vijana kama nilivyotegemea. Kuna kijana wa chuo aliyeipenda mpaka akaweka picha yake kwenye simu. Kwake yeye, timu kubwa ya Ulaya kutaja Afrika kwenye kitambaa ni jambo la kuinua kichwa: miaka yote tumelipia ving'amuzi, tumelia, tumegombana na wake zetu kwa ajili yao, angalau sasa wametuona. Mwenzake wa umri uleule akamkata: "Wametuona au wamekuona mteja?" Huyo hoja yake ilikuwa ya hesabu. Jezi halisi kule ni pauni 80. Kwa pesa yetu ni zaidi ya laki mbili na nusu, yaani kodi ya chumba kimoja cha Tandika kwa miezi kadhaa. "Jezi ya Waafrika," akasema, "ambayo Mwafrika ataivaa feki."

Na kweli tuliivaa feki. Sina haja ya kujificha, kwa sababu kabla mpwa wangu hajafika nilikuwa nimeshanunua nyingine Kariakoo kwa elfu ishirini, ile ya nyumbani, kwenye duka ambalo sitalitaja maana muuzaji ni mtu mwema na ana watoto. Mzinga wake ulikuwa umevimba kama umetiwa hamira. Baada ya kufuliwa mara mbili, herufi za mdhamini zikaanza kubabuka moja moja, mpaka nikabaki na neno ambalo mke wangu alinikataza kutoka nalo nje. Nyeusi feki nilizoziona mtaani zilikuwa na shida yake nyingine: zigizaga hazikutani kwenye mshono, za mbele zinaishia hapa, za nyuma zinaanzia pale. Kwenye yangu zinakutana. Ukitaka kutambua haraka bila kumwaibisha mtu, angalia ubavuni.

Hata hivyo, aliyenibadilisha mawazo kuhusu mambo haya ya kubadili jezi ni Mzee mmoja pale kibandani, fundi redio mstaafu, anayeifuata Arsenal tangu mpira wa Uingereza tukiusikiliza redioni. Wakati sisi tunabishana kama kijani ni dhambi, yeye alicheka tu. Akatuuliza nani anajua nyekundu ya Arsenal ilitoka wapi. Kimya. Akasema ni ya kupewa. Mwaka 1886 klabu ilipoanza haikuwa na pesa, na wachezaji waliotoka Nottingham Forest wakaomba jezi kwa timu yao ya zamani. Wakapewa nyekundu iliyokolea. Na mikono myeupe tunayoiapia? Hiyo ni ya mwaka 1933, wazo la kocha Herbert Chapman. Kabla ya hapo ilikuwa nyekundu mwili mzima. Siku ya kwanza kuivaa mikono myeupe walicheza na Liverpool, wakafungwa 1-0. "Mngekuwepo ninyi siku ile," Mzee akasema, "mngeichoma moto."

Akaendelea, nasi tukamwacha maana mapumziko yalikuwa bado. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilitoka jezi ya ugenini ya njano yenye michirizi myeusi. Waingereza wakaibatiza ndizi iliyobondeka, kwa kejeli. Mwaka 2019 adidas waliporudi Arsenal wakaifufua, na watu wakaigombania kama mkate wa moto. Msimu wa 2005/06, wa mwisho kwenye uwanja wao wa Highbury, waliacha nyekundu ya kawaida wakavaa ile iliyoelekea damu ya mzee, wakisema ndiyo rangi ya mwanzo kabisa ya uwanja ule. Wengine tulinuna. Leo ukiikuta jezi ile halisi, ya mfungaji wao Henry, huinunui kwa pesa yako ya mboga.

Mimi nilichomekea moja ninayoijua vizuri. Januari 2022 Arsenal walivaa nyeupe tupu kwenye Kombe la FA, kupinga vijana kuchomana visu London. Jezi nzuri, tena hazikuuzwa madukani. Walicheza na nani? Nottingham Forest, walewale waliowapa nyekundu. Wakafungwa 1-0. Mtu aliyekupa nguo usimwendee bila kuivaa! Mzee alilipenda hilo, akaninunulia kahawa.

Kwa hiyo kuhusu muonekano nimeshalainika. Ile hisia ya kwanza ya kuikataa jezi mpya siiamini tena, yangu wala ya mtu mwingine, kwa sababu karibu kila tunachokiita asili kwenye jezi kilikuwa kituko siku kilipoletwa. Kijani kimebaki kijani, lakini kwa mbali, chini ya taa ya kibanda, kinamezwa na weusi kisha hukioni.

Kuna jambo moja halijanilainikia, nalo haliko kwenye rangi.

Mkono wa kushoto pameandikwa Visit Rwanda, maandishi ya kutangaza utalii wa Rwanda kwa mkataba na klabu. Yamekuwepo tangu 2018, na kwa miaka mingi sikuyatilia maanani, kama mtu asivyosoma maandishi ya kwenye daladala. Nina rafiki mfanyabiashara wa vitenge Kariakoo, mtu wa Goma kule Kongo, Arsenal kuliko mimi. Yeye jezi hii nyeusi aliinunua mapema, na alikuwa akiivaa Ijumaa kama sare ya kazi. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 wakaingia Goma. Wiki ile alikuwa akipiga simu kwao usiku na mchana, na nyingi hazikupokelewa. Waziri wa mambo ya nje wa Kongo aliziandikia klabu za Arsenal, PSG na Bayern akizitaka ziachane na mikataba yao na Rwanda, maana serikali yake inaituhumu Rwanda kuwaunga mkono waasi. Rwanda inakanusha. Baadaye mashabiki fulani kule London wakagawa vitambaa vya kufunga mkononi, vimeandikwa Visit Tottenham, ili kufunika maandishi yale. Kwa shabiki wa Arsenal kukubali kubeba jina la Tottenham, mahasimu wao wakubwa, ujue mambo yamefika shingoni.

Rafiki yangu hakungoja kitambaa cha London. Alimpelekea fundi cherehani wa palepale mtaani, akashonewa kiraka cha kitenge juu ya mkono. Kitenge cha njano na bluu, kimekaa vizuri utadhani Labrum wenyewe walikipanga. Nilipomuuliza kwa nini asiache kuivaa kabisa, alisema jezi imetengenezwa kwa heshima ya Afrika, na yeye ni Afrika, sasa amvulie nani? Sikuwa na jibu. Novemba 2025 klabu na Rwanda walitangaza kwamba mkataba utaisha msimu wa 2025/26 ukimalizika. Nilimpelekea habari hiyo dukani kwake. Akatikisa kichwa, akaendelea kupima yadi.

Basi nikirudi kwenye jezi kama nguo. Mimi ni mtu wa kitambi cha wastani, navaa XL, na toleo hili la mashabiki limenikaa bila kunibana. Nasikia lile la wachezaji linashika mwili, kwa hiyo kama umeshapita miaka arobaini na unapenda chapati, chukua la mashabiki. Kitambaa ni chepesi na kinakauka upesi. Lakini nyeusi ni nyeusi: saa saba mchana Tandika inavuta jua mpaka unajiona mkaa, basi iwe ya jioni. Rangi haijapauka mpaka leo, na nimeifua kwa mkono, kwa sabuni ya kipande na maji ya kawaida.

Kuanika ndiko kulikonipa taabu. Mara ya kwanza niliining'iniza kwenye kamba ya uani, upande wenye kijani ukiwa mbele. Mtani akaipiga picha juu ya ukuta, akaitupa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa akiandika: "Tunapokea wanachama wapya, fomu zipo." Mpaka mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliweka kile kikatuni cha kucheka. Tangu siku ile naigeuza ndani nje kabla ya kuianika. Mpwa wangu anasema ndivyo inavyotakiwa hata hivyo, inasaidia maandishi yasibabuke, na mimi nimemwambia mke wangu kwamba sababu ni hiyo.